Ushairi na Mapenzi ya Nchi: Nyimbo za Endulen

Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1970 na 1980 tulifundishwa uzalendo kwa ngonjera kabla ya kuusoma kitabuni. Mtoto mmoja alijifanya mjinga wa mambo, mwenziwe akamjibu kwa beti, hata mjinga akakubali. Utungo huo twaurithi kwa marehemu Mathias Mnyampala (1917-1969). Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walieneze, nao wakaitika. Ajuza asiyejua kusoma akaenda nyumbani na beti alizozishika, ilhali hotuba ilikwisha msahaulika.

Lakini ngonjera zilituzoeza kudhani kwamba mzalendo ni yule tu aisifuye bendera na serikali. Mnyampala mwenyewe hakuwa na ufinyu huo: mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, jamaa zake, wala hatuoni kwamba aliipunguzia Tanganyika mapenzi.

Na tutazame Endulen, katika Ngorongoro. Huko olaranyani, kiongozi wa wimbo, hutanguliza, na wenziwe humpokea kwa mngurumo wa koo. Husifiwa ng'ombe, malisho na ushujaa. Wanawake humwomba Enkai mvua na watoto. (Mshairi wa pwani aliyezoea kuhesabu mizani asifanye haraka kusema huo si ushairi.) Nchi ya nyimbo hizo ni nyasi na maji. Hata Laetoli, jirani ya Endulen, ambako mwaka 1978 zilionekana nyayo za wahenga wa binadamu za miaka ipatayo milioni 3.6, jina lake ni la ua jekundu katika Kimaasai.

Mapenzi hayo yamejaribiwa. Mwaka 1959 wafugaji waliihama Serengeti wakakaa Ngorongoro. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa humo, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. Tangu mwaka 2022 baadhi ya jamaa wamehamia Msomera, wilayani Handeni, wengine wamekataa. Sisi watumishi wa serikali huyasoma hayo katika majalada, kwa hesabu ya kaya na mifugo, na jalada halina mahali pa kuandika malisho ambayo mtu ameyaimba tangu utotoni. Mzee anayeyaimba akiwa Msomera, au anayeimba kwamba hatayaacha, tumhesabu miongoni mwa wasioipenda nchi? Sisi twakataa. Twaomba nyimbo hizo zikusanywe, kwa Kimaasai na kwa tafsiri, wangali hai wazijuao.