Picha Bila Majina

Shangazi yangu alifariki mwezi uliopita mjini Morogoro. Usiku wa kuamkia maziko tulihitaji picha yake moja ya kuweka mbele ya jeneza. Simu za wanafamilia zilikuwa nazo nyingi kupindukia: shangazi akila, shangazi akicheka, shangazi nusu uso kwenye harusi ya mtu. Hata hivyo, kila tuliyoikuza ilififia, kwa kuwa ilikwishapunguzwa ukubwa ilipokuwa ikitumwa kwa WhatsApp. Hatimaye tulifungua kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Picha tuliyoichagua niliipiga mwenyewe mwaka 2001 kwa kamera ya filamu. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wangu: jina lake kamili, mahali na tarehe.

Mimi ni mpiga picha wa ridhaa. Sijawahi kulipwa hata senti kwa kazi hiyo, lakini kwa miaka zaidi ya thelathini sijaiacha. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali ambalo, kwa mtu anayefundisha historia, lilipaswa kunijia mapema zaidi: mbona kadiri kamera zangu zilivyoboreka, ndivyo kumbukumbu zangu zilivyozidi kuwa duni?

Kamera ya kwanza kuishika ilikuwa Yashica nyeusi ya baba mdogo, fundi wa reli. Ilikuwa mwaka 1990, nami nikiwa na miaka kumi na miwili. Filamu ilikuwa na picha 36, na mimi niliruhusiwa kupiga mbili tu. Filamu moja iliweza kukaa ndani ya kamera tangu Pasaka hadi Krismasi. Picha ziliporudi kutoka studio, baba mdogo alikaa mezani na kalamu, akamwita mama yake, na wawili hao wakaandika nyuma ya kila picha nani ni nani. Sisi watoto tuliona ni adha. Leo najua kwamba nilikuwa nikishuhudia uandishi wa historia.

Nilipoingia chuo kikuu nilinunua Kariakoo kamera yangu mwenyewe, Zenit iliyokwishatumika, kazi ya viwanda vya Kisovieti. Ilikuwa nzito kama tofali, lakini kipima mwanga chake hakikuhitaji betri, sifa kubwa kwa mwanafunzi asiye na fedha. Nilitunza daftari: namba ya picha, aliyepigwa, mahali, siku. Gharama ya filamu na ya kusafisha picha ilinilazimisha kufikiri kabla ya kubonyeza.

Upigaji picha wa ridhaa una historia fupi. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak ikiwa na filamu ya picha 100 ndani; mwenye nayo alipomaliza aliirudisha yote kiwandani ili picha zisafishwe. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku kilichouzwa dola moja. Kamera ya ukoo huo wa Brownie ndiyo iliyomwanzisha Mohamed Amin, alipokuwa mvulana hapa Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Mvulana huyo ndiye aliyekuja kuipiga picha njaa ya Ethiopia mwaka 1984 na kuutikisa ulimwengu. Kwa hiyo tusidharau kisanduku cha ridhaa.

Hata hivyo, kabla ya kamera kufika mikononi mwetu, sisi tulikuwa tumekwishapigwa picha kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar ziliuza kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya. Kadi hizo mara nyingi zilionesha wanawake waliovaa kanga, wachukuzi, wauza maji. Picha nyingi ni nzuri, tena zimepigwa kwa ustadi. Lakini chini yake hukuti jina la mtu. Unakuta aina ya mtu: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, mwenyeji. Ninapowaonesha wanafunzi kadi hizo, huwaambia kwamba dhuluma yake haimo katika lenzi, bali katika maelezo ya chini. Uso umehifadhiwa, mtu amefutwa. Mjukuu wake anaweza kupita mbele ya kadi hiyo katika jumba la makumbusho asijue kwamba amepishana na bibi yake.

Ndiyo maana kalamu ya baba mdogo ilikuwa na uzito wa kisiasa, japokuwa yeye asingetumia neno hilo. Kuandika jina nyuma ya picha kulikuwa kukataa kuwa aina ya mtu.

Mwaka 2006, nilipoanza masomo ya uzamivu, nilinunua kamera ndogo ya kidijitali. Teknolojia hiyo haikuwa mpya: mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alikwishatengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975. Kampuni hiyo iliendelea kutegemea faida ya filamu, na mwaka 2012 ikaomba kinga ya mufilisi. Mimi nilifilisika kwa namna nyingine. Kwa kuwa picha zilikuwa bure, niliacha daftari. Kila betri ilipokwisha, kamera ilisahau tarehe, hivyo kumbukumbu zangu za miaka kadhaa zinadai kwamba kila kitu kilitokea tarehe 1 Januari. Mwaka 2011 diski niliyozihifadhia iliharibika. Maelfu ya picha yalitoweka, pamoja na za mwisho za baba yangu. Negativu za Zenit zingali kwenye bahasha zake, salama. Wahenga walinionya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa natumia simu, ambayo ni bora kuliko kamera zangu zote zilizotangulia. Wapo watakaosema kwamba simu huandika tarehe na mahali yenyewe. Ni kweli, lakini picha ikishatumwa kwa WhatsApp, taarifa hizo kwa kawaida huondolewa. Na hata zikibaki, simu haijui kwamba huyu ni shangazi, na kwamba alimlea mtoto asiye wake. Kuna kejeli nyingine: kampuni za ng'ambo zina programu za kutambua nyuso zetu, wakati wajukuu zetu hawatazitambua. Kadi ya posta imerudi, na safari hii tumeipiga wenyewe.

Si nia yangu kuomba filamu irudi. Ilikuwa ghali, na wengi walikufa bila kuacha picha hata moja. Ukombozi wa kamera ni ukombozi wa kweli, ila umekamilika nusu. Tumepata lenzi, tumeitupa kalamu.

Nimejiwekea utaratibu ambao ninaupendekeza kwako, ndugu msomaji. Kila Desemba nachagua picha 36, yaani filamu moja. Nazichapisha, kisha nakaa na mtu mzima wa familia tuandike majina. Kwa mwaka mmoja ni kazi ya jioni moja tu.

Na ifanyike mapema. Ndani ya lile kopo la biskuti kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya shangazi akiwa msichana, ameshikana mkono na mwenzake mbele ya nyumba ya bati. Wamevaa magauni ya kitambaa kimoja, wanacheka. Hiyo iliukwepa mwandiko wa baba mdogo. Nyuma ni tupu. Tuliwazungushia wazee wote waliokuwapo msibani, mmoja baada ya mwingine, wakaishika karibu na taa na kutikisa kichwa. Aliyekuwa akimjua yule msichana wa pili alikuwa ndani ya jeneza.