Terekeza: Usiku Mmoja Ukingoni mwa Mgunda Mkali

Watu wa pwani wameyazoea magofu ya mawe. Mtoto wa Mombasa hupelekwa Gedi na walimu wake, wa Bagamoyo hupelekwa Kaole, na yeyote aliyesoma kidogo hutamani kufika Kilwa Kisiwani walau mara moja, autazame msikiti mkuu na kuba zake, akumbuke kwamba Ibn Battuta alitia nanga hapo mwaka 1331. Magofu hayo yana adabu. Yanangoja palepale yalipo, yana mlango na kibla, na mgeni akishafika hana haja ya kuambiwa kuwa amefika. Safari ya huko huandaliwa kwa siku moja: chombo, kofia, maji, na kiongozi wa kusimulia.

Liko gofu jingine la watu hawahawa ambalo halikujengwa kwa matumbawe wala chokaa. Liko mbali na bahari, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, nalo ni gofu la njia. Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha katika orodha ya awali ya urithi wa dunia njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, ikataja vituo vyake 6: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mwaka huohuo michoro ya miambani ya Kondoa, jirani ya hapo, ilikubaliwa kuwa urithi kamili, ilhali njia ingali inangoja orodhani. Mpwani akiulizwa avitaje vituo hivyo, ataanza na Bagamoyo na kumaliza na Ujiji bila taabu. Atakachosahau, aghalabu, ni Kilimatinde.

Kusahau huko kuna sababu. Kilimatinde hakuna nguzo za kuhesabiwa. Ni mji mdogo ukingoni mwa ukuta wa Bonde la Ufa, na chini yake nchi imeshuka ghafula kuelekea mbuga za Bahi. Pana hospitali ya Kanisa la Anglikana na majengo ya enzi za Wajerumani, na pana watu wanaoendelea na shughuli zao, Wagogo, Wanyaturu, Wakimbu na wengineo, bila ya kungoja mtalii. Mtu akija adhuhuri, akapiga picha na kuondoka baada ya saa moja, atakuwa hakuona kitu, na lawama si ya mahali. Jambo lililopafanya Kilimatinde na nchi iliyo nyuma yake kuwa mashuhuri lilikuwa usiku, na usiku haupigwi picha.

Nyuma ya ukuta ule, kuelekea magharibi hadi Tura, mlango wa Unyanyembe, ndiko kulikoitwa Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba katika lugha za huko bara. Burton alipokipeleka kisehemu hicho katika Kiingereza, alichagua neno la moto, akalifanya shamba liwakalo. Si kosa, lakini ni pungufu. Ukali wa Kiswahili haukai katika joto pekee: jua ni kali, upanga ni mkali, siki ni kali, na mwalimu naye ni mkali. Waliolipa pori lile jina walikuwa wakisema habari ya tabia. Ni shamba lisilokupa kitu, na ukikosea adabu linakuadhibu.

Adhabu yenyewe ilikuwa maji. Vichaka vya Itigi, ambavyo hata leo hupenywa kwa shida, havina mito ya kudumu. Yako mabonde ya mchanga yapitishayo maji wakati wa masika tu, na yako majabali ambayo katika mabonyeo yake maji ya mvua hubaki kwa muda. Wenyeji wa njia waliyajua yote kwa majina: Mdaburu, Mabunguru, Jiwe la Mkoa, Mgongo Tembo. Majina haya yamo katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, moja baada ya jingine, kama shanga katika uzi. Kati ya shanga na shanga palikuwa pakavu. Na kwa ajili ya ukavu huo wapagazi walikuwa na dawa yao, nayo iliitwa terekeza.

Terekeza ni neno la njiani. Desturi ya msafara ilikuwa kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali mno. Siku ya terekeza mambo yalipinduliwa. Asubuhi watu walibaki kwenye maji. Walipika, wakala, wakanywa mpaka wakatosheka, wakajaza vibuyu. Adhuhuri, jua likiwa utosini, kirangozi alishika njia na mizigo ikanyanyuliwa. Walikwenda mchana kutwa hadi giza likawakuta, wakalala pasipo maji, moto ukiwaka bila chungu juu yake. Kabla ya mapambazuko walikuwa wameshaondoka tena, ili wayawahi maji ya mbele. Kwa hesabu hiyo, mwendo ambao ungekuwa kiu ya siku nzima juani uligeuzwa kuwa kiu ya usiku mmoja. Hakuna chombo kilichohitajika ila kujua umbali, na kuamini kuwa anayeujua hasemi uongo.

Burton aliliandika neno hili kwa tahajia yake, akaeleza ubaya wa mwendo huo kwa watu na wanyama. Yeye na Speke walitoka Kaole tarehe 27 Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Mgunda Mkali waliuvuka mwezi wa Oktoba, kiangazi kimefika mwisho na visima vimebaki tope. Speke aliporudi na Grant aliingia porini humo Desemba 1860, akakuta kinyume chake: Mdaburu imefurika, mvua haikatiki, chakula hakuna, na wapagazi wengi wakamtoroka. Ikawa kula yao inategemea bunduki. Shamba moja, basi, na ukali wa namna mbili. Stanley, aliyetoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Tabora tarehe 23 Juni mwaka huohuo, alipita katika majira mazuri kuliko wenzake, akakuta Wakimbu wameshafyeka sehemu za pori na kulima, kukawa na vijiji na chakula cha kununua. Akaona sifa mbaya ya pori imezidi kiasi. Alikuwa na haki kusema hivyo, maana shamba lilikuwa limepata wakulima.

Wageni hawa watatu ndio wanaotajwa kila habari za njia zinapoandikwa, kwa kuwa walitia chapa vitabu. Lakini yuko mtu aliyekuwa pamoja na kila mmoja wao, naye ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na alipopata uhuru akarejea Unguja. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, na Speke na Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron mwaka 1873 mpaka wakatokea pwani ya Atlantiki. Kila mara Mgunda Mkali ulikuwa njiani. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni, naye akafa mwaka 1885. Hakuandika kitabu. Laiti angeandika, huenda tungepata sura moja juu ya terekeza kutoka kwa mtu aliyeipanga, badala ya kuisoma kwa waliokuwa wakiilalamikia.

Si kwamba Waswahili hawakuandika kabisa. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha simulizi za safari za Waswahili, na humo Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari yake ya bara. Na Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliacha maisha yake kwa Kiswahili kilichonyooka kama mkuki. Atakaye kwenda Kilimatinde asome mojawapo kabla ya kufunga begi. Atakachokiona ni kuwa wenyewe hawashangai. Njia kwao ni kazi: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, masango, hongo ya watemi wa Ugogo, posho ya kibaba kwa siku. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, na bunda la nguo liliitwa mtumba. Neno hilo tumelirithi na kulivalisha nguo za watu wengine.

Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa polepole. Orodha ya mwaka 2006 inaiita njia ya watumwa na pembe, na ni kweli. Watumwa walipita, kwa minyororo na kwa panda za miti shingoni, na waliowanunua na kuwauza walikuwemo watu wa pwani na visiwa, mababu wa wasomaji wa mashairi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sayyid Barghash akakataza misafara ya watumwa barani, lakini sheria husafiri taratibu kuliko wanadamu. Hata hivyo, wengi waliobeba mizigo katika njia hii ya kati hawakuwa watumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha katika kitabu chake cha 2006 kuwa Wanyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye fahari ya kazi yao, walioijua thamani ya bega lao na kugoma walipodhulumiwa. Ukiwaita wote watumwa unawanyang'anya fahari hiyo; ukiwaita wote wapagazi unawazika wengine mara ya pili. Msafara mmoja ungeweza kuwa na wote wawili, wakilala kando ya moto mmoja usio na chungu, wakingoja maji yaleyale ya asubuhi.

Na wako walioishia njiani. Milimani Usagara, mwaka 1857, Burton alipishana na msafara ulioshikwa na ndui, maiti zikiwa kando ya njia. Kiswahili cha leo kina neno telekeza, la kumwacha mtoto au mke bila matunzo. Haidaiwi hapa kuwa ndilo terekeza lililobadili herufi. Wanaojua asili za maneno wasumbuke nalo. Ila ni vigumu kulitamka moja katika nchi ile bila kulisikia jingine.

Kilimatinde yenyewe ilipanda cheo wakati misafara inaelekea ukingoni. Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi hapo, kwa kuwa aliyeshika ukingo wa ukuta alishika njia. Kisha wakaanza reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli haikupita Kilimatinde. Ilipanda ukuta kwa kupitia Saranda na kuendelea Manyoni. Mabega yakakosa kazi, na mji uliokaa juu ya njia ukajikuta kando yake. Mnamo mwisho wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yaliuchukua. Baadaye makao ya wilaya yakawa Manyoni, penye stesheni. Hivyo ndivyo gofu la njia linavyotokea: njia inahama.

Siku hizi mtu wa Unguja anaweza kupanga safari hii kwa usiku mmoja tu. Boti ya asubuhi humfikisha Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, humaliza sehemu ya pili kabla mtu hajachoka kukaa. Kisha ni basi la kuelekea Singida, ambalo hupita Manyoni. Kutoka Manyoni hadi Kilimatinde si mbali. Majira bora ni kati ya Juni na Oktoba, Speke akiwa shahidi. Wengine watapendelea mwezi mpevu, na si ushauri mbaya, ingawa giza lina mafunzo yake. Adabu ya kwanza ni kupita ofisi ya kijiji na kusalimu, kueleza shida, na kuwauliza wazee kabla ya kuuliza ramani. Njia ya misafara haikuwa moja. Ilikuwa mafungu ya njia yaliyosogea kila kisima kilipokauka au hongo ilipopanda, na wenyeji ndio wajuao ipi ilipita wapi.

Jambo la kuepuka ni kufika asubuhi. Afike alasiri, asimame ukingoni jua likiwa nyuma yake, aitazame mbuga ya Bahi ikibadilika rangi huko chini, mahali ambapo misafara iliyotoka pwani ilionekana ikija kama mstari wa siafu. Akigeuka nyuma ataona vichaka, na hataona mwisho wake. Ale mapema, anywe ashibe. Chupa ya maji iliyobaki aifunge, aiweke mbali na kitanda, asiiguse mpaka alfajiri. Ni terekeza ya kitoto, mtu amelala chini ya paa na bomba liko uani; lakini yapata saa nane ya usiku koo litaanza kuuliza maswali, na ataanza kuhesabu saa zilizobaki kama walivyohesabu wao, tofauti ikiwa kwamba wao walipaswa kuamka na kubeba frasila mbili.

Kukipambazuka atoke nje anywe. Mabasi ya kurudi Dodoma hupita Manyoni asubuhi na mchana, kwa hiyo hana haja ya kukimbilia la kwanza.