Vilima vya mchanga vya Shela: tangi la maji matamu la mji wa Lamu

Kusini mwa kisiwa cha Lamu, nchini Kenya, kuna safu ya vilima vya mchanga inayoanzia kijiji cha Shela na kufuata ufuo wa Bahari ya Hindi kwa takriban kilomita 12 kuelekea Kipungani. Kisiwa hicho hakina mto, na maji ya chumvi yamekizunguka pande zote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji yanayonywewa leo katika mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyochimbwa katika vilima hivyo.

Kwa mkazi wa Jabe au Buyenzi, jambo hili lahitaji maelezo kidogo. Sisi tuna Ziwa Tanganyika karibu na mlango; maji tunayaona kabla ya kuyanywa. Lamu maji hayaonekani. Mvua za masika zinapoangukia mchanga hazitiririki wala hazituami, bali huzama mara moja. Yakifika chini, maji hayo matamu hukutana na maji ya bahari yaliyopenya ndani ya ardhi, na kwa kuwa ni mepesi zaidi, huelea juu yake bila kuchanganyika sana. Wataalamu wa maji wana kanuni yao: kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, huwapo takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Ni neema kubwa, lakini hesabu hiyo husomwa pia kinyume. Pampu ikishusha mita 1 juu, chumvi hupanda takriban mita 40 kutoka chini.

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kando ya bahari. Baada ya kijiji nyumba hukoma, na anayetaka kuivuka safu yote hadi Kipungani hana budi kuondoka alfajiri. Kivuli hakuna. Bahari huwa upande wa kushoto muda wote, na msafiri anayetembea juu ya maji ya kunywa ya mji mzima hulazimika kubeba maji yake mgongoni. Mchanga laini wa juu huchosha haraka. Wenyeji hupendelea kushuka ufuoni maji yanapokupwa, ambapo mchanga ni mgumu. Vilima vyenyewe havitulii, kwani upepo wa kusi na wa kaskazini huvisogeza na kuvichonga upya kila msimu.

Mchanga huo umefunika pia historia. Mnamo mwaka 1812 hivi, jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilitua Shela kwa nia ya kuiteka Lamu, likashindwa vibaya. Kwa miaka mingi baadaye upepo uliendelea kufichua mifupa ya waliouawa. Lamu, kwa kuhofia kisasi, iliomba hifadhi kwa Sayyid Said wa Oman, na ngome iliyopo katikati ya mji ilikamilika mwaka 1821.

Hatari ya kukosa maji haikuanza leo. Ng'ambo ya mlango wa bahari, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya mji wa Takwa, uliohamwa katika karne ya 17. Mojawapo ya sababu zinazotajwa ni visima vyake kuingiwa na chumvi. Watu wake walivuka wakahamia Shela. Hadi zama zetu wazawa wa Shela wamekuwa wakirudi Takwa kwenye kaburi la nguzo, lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, kuomba mvua.

Mchanga na maji matamu hukutana kwa namna nyingine kaskazini mashariki mwa Brazili, katika hifadhi ya taifa ya Lençóis Maranhenses, iliyoundwa mwaka 1981 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2024. Huko mvua hujaza mabonde kati ya vilima hadi yakawa maziwa ya buluu, na watalii hutembea siku tatu wakilala kwa familia zinazoishi katikati ya mchanga. Kule uzuri wa maji ndio unaoyalinda. Shela haina bahati hiyo, kwa maana ni vigumu kumshawishi mtu kwamba kiwanja kitupu cha mchanga ni kisima.

Hapo ndipo mvutano ulipo. Ardhi inayotazama bahari ina bei, na nyumba za kifahari na za wageni zimekuwa zikisogea vilimani. Kila jengo huleta shimo la choo juu ya maji yasiyochujwa na kitu ila mchanga, na huzuia mvua kuzama. Mji wa kale wa Lamu, ulio katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001, unategemea vilima hivyo kuliko unavyotegemea kuta zake za matumbawe. Upande wa bara, bandari mpya iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021 inavuta watu wengine katika eneo hilo. Watahitaji maji nao, ilhali mvua inayojaza tangi hili ni ileile.