Ahadi, Kiapo, Nadhiri na Agano: Maana Zake na Uzito Wake

Neno la Kiingereza pledge, ambalo wanafunzi wa sekondari hukutana nalo mara kwa mara, halina mwenzake mmoja katika Kiswahili. Mahali pengine ni ahadi, pengine ni kiapo, na pengine ni rehani, yaani mali inayobaki mikononi mwa mkopeshaji hadi deni lilipwe. Kiswahili kimegawanya maana hizo katika maneno mbalimbali, mengine ya asili ya Kiarabu (ahadi, nadhiri, rehani, dhamana), mengine ya Kibantu (kiapo, agano). Mgawanyo huo si pambo la lugha. Katika sheria ya Kanisa ahadi, kiapo na nadhiri havifungi kwa namna moja, na waamini wengi wa Handeni na Korogwe hubeba mizigo ambayo hakuna aliyewatwisha kwa sababu tu wameliita jambo kwa jina lisilo lake.

Ahadi ndilo neno pana kuliko yote. Mtu humwahidi mwenzake kwamba atafanya jambo fulani, na neno lake latosha. Ndiyo maana tuna kadi za ahadi kwa michango ya arusi na ya ujenzi wa kanisa. Ndiyo maana vilevile mwanachama wa TANU alikuwa na ahadi zake, wala hazikuitwa viapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, yafundisha kwamba ahadi sharti zitimizwe na mikataba ishikwe kwa uaminifu. Tumezoea kuiona ahadi kuwa nyepesi kwa kuwa haina shahidi wa mbinguni, lakini mjenzi aliyekwisha kununua saruji kwa mkopo akitegemea kadi zetu haoni wepesi huo.

Kiapo ni kumwita Mungu awe shahidi wa ukweli (kanuni 1199). Mahakamani shahidi huapa kabla ya kusema, na maelezo yaliyoandikwa kwa kuapa huitwa hati ya kiapo. Neno hili lina kivuli cha kale: zamani kiapo kilikuwa pia jaribio la kumtambua mwenye hatia, kama vile kuramba chuma kilichopashwa moto. Kwa hiyo wapo hadi leo wanaoamini kwamba aliyeapishwa kwa mganga atadhurika akienda kinyume. Hicho si kiapo mbele ya Kanisa, kwani anayeitwa pale siye Mungu. Hata kiapo kilichotajwa jina la Mungu, kikitolewa kwa hila, kwa nguvu au kwa hofu kubwa, ni batili kwa sheria yenyewe (kanuni 1200). Naye Herode, aliyemwua Yohane Mbatizaji kwa ajili ya kiapo chake (Mt 14), hakuwa amefungwa kutenda uovu. Alichoogopa ni macho ya wageni wake.

Handeni ina historia inayogusa maneno yote mawili. Masimulizi ya Wazigua waliokuwa Somalia yasema kwamba katika karne ya 19, wakati wa njaa, wazee wao walipandishwa majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula, kisha wakauzwa utumwani. Wazao wao waliishi katika bonde la Mto Juba wakiitunza lugha yao. Vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwarudisha baadhi yao katika wilaya ya Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo, na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 humtaka anayepewa uraia ale kiapo cha utii. Waliotoka kwa ahadi ya uongo walipokewa tena kwa kiapo.

Nadhiri ndiyo inayosumbua dhamiri zaidi. Majirani zetu Waislamu hulitumia neno hili kwa maana iliyo karibu sana na yetu: ni ahadi anayopewa Mungu. Kanuni 1191 yataka iwe imetafakariwa, iwe huru, tena iwe ya jambo linalowezekana na lililo jema zaidi. Wazo la ghafla wakati wa homa ya mtoto, lisilo na nia ya kujifunga, si nadhiri. Iliyotolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki ni batili.

Hutokea parokiani kwamba mama amesema, "Mwanangu akipona, atakuwa padre." Mtoto amepona, amekua, anataka kuoa, na nyumba nzima ina hofu ya laana. Kanuni 1193 ni wazi: nadhiri humfunga aliyeiweka peke yake. Kijana yule hakuweka neno lolote. Hana alimtoa Samweli kweli (1 Sam 1), lakini mwito wa Samweli ulitoka kwa Bwana, na Samweli mwenyewe aliuitikia.

Aliyeweka nadhiri yake binafsi, kwa mfano ya kuhiji kwa miguu, na sasa miguu haimwezeshi, asijitenge na sakramenti kwa sababu hiyo. Anaweza mwenyewe kuibadili kwa tendo jema lililo sawa au kubwa zaidi (kanuni 1197). Akihitaji kufunguliwa, paroko wake ana mamlaka hayo kwa sababu ya haki, mradi haki ya mtu mwingine isidhurike (kanuni 1196). Haihitaji safari ya kwenda kwa askofu. Nadhiri za watawa ni habari nyingine, kwa kuwa hupokewa na mkubwa halali kwa jina la Kanisa. Na tukiwa hapo: sisi mapadre wa jimbo hatuweki nadhiri, ingawa tunaulizwa kila mara. Tunaahidi utii kwa askofu na tunashika useja. Kufunga ni kule kule. Jina ni tofauti.

Agano hutokana na kuagana, yaani kupatana. Ndoa ni agano (kanuni 1055), nalo hufungwa kwa ridhaa ya wawili siku ya ndoa, si siku ya posa. Barua ikipokewa na kishika uchumba kikitolewa, kilichopo ni ahadi tu. Kanuni 1062 haimruhusu mchumba kudai kwamba ndoa ifungwe kwa lazima, bali humruhusu kudai fidia ya hasara kama ipo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo huruhusu madai ya fidia kwa kuvunjwa kwa ahadi ya ndoa, isipokuwa dhidi ya aliyeahidi akiwa chini ya miaka 18, na huruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe. Wazazi wanaomwambia binti, "Tumekwisha kula fedha za watu, huwezi kurudi nyuma," wanamdai asichodaiwa na Kanisa wala na serikali. Akifika ofisini kwa paroko na kusema hataki, ndoa hiyo haitangazwi.