Mwanao anapochezea shule: Yanayompasa mzazi

JUA la Mombasa linapopunguza makali, vijana wa kisiwani hutoka majumbani kwenda kujinoa. Wapo wanaokimbia kandokando ya bahari Mama Ngina, na wapo wale wa Mji wa Kale ambao kichochoro kilicho karibu na Ngome ya Yesu ndicho uwanja wao wa kwanza.

Baadhi yao watavaa jezi za shule na kupanda ngazi za mashindano ya shule za sekondari: kaunti ndogo ya Mvita, kaunti ya Mombasa, kanda ya Pwani, taifa, na hatimaye michezo ya Afrika Mashariki.

Katika safari hiyo mwalimu wa michezo huuona ustadi wa mchezaji. Mzazi ndiye auonaye mwili unaorudi nyumbani jioni: umekula nini, umelala saa ngapi, unachechemea mguu upi. Kwa sababu hiyo kazi ya mzazi si kuwa kocha wa pili, bali kuwa mlinzi wa afya, masomo na heshima ya mtoto. Yafuatayo ni mambo makuu ya kuzingatia.

Joto la Pwani si la kudharauliwa

Tarehe 24 Machi 2007, Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mbio za nyika za dunia katika uwanja wa gofu ulio karibu na bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, alishindwa kufika tamati. Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa. Wakimbiaji wengine wengi pia walilemewa na joto na unyevu wa siku hiyo.

Ikiwa bingwa wa dunia alilemewa, mtoto wa kidato cha tatu naye anaweza kulemewa. Katika miezi ya kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, hewa ya Pwani hujaa unyevu. Jasho hutiririka bila kukauka, na kwa hivyo mwili haupoi. Mashindano ya muhula wa kwanza huangukia msimu huohuo.

Mzazi amhimize mwanawe anywe maji mara kwa mara kuanzia asubuhi, badala ya kungoja kiu uwanjani. Rangi ya mkojo ni kipimo chepesi: ukiwa wa manjano iliyokolea, maji hayajatosha. Madafu ni kinywaji kizuri baada ya mazoezi. Anayerudi mazoezini baada ya likizo ndefu apewe wiki moja hadi mbili za kuuzoeza mwili joto, akiongeza kazi kidogo kidogo.

Mchezaji akianza kuyumba, kutapika, kuongea ovyo au kupotewa na fahamu, hiyo ni dharura. Apelekwe kivulini, apunguzwe nguo na kumwagiwa maji baridi mengi mwilini papo hapo. Barafu ikipatikana, iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Wanaohudumia waendelee kumpoza huku gari la kumpeleka hospitalini likitafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Mwezi wa Ramadhani

Kwa familia nyingi za Mji wa Kale, suala hili lina uzito wa pekee. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ilianza Februari. Yaani katikati ya kaskazi na ya mashindano ya muhula wa kwanza.

Mzazi azungumze na mwalimu wa michezo kabla mwezi haujaandama, wala asingoje mtoto azimie. Mazoezi mazito yaweza kuhamishiwa usiku baada ya futari, na yale mepesi yafanywe muda mfupi kabla ya kufuturu. Daku isirukwe; iwe na chakula kikaacho tumboni, kama vile uji, mayai, maharagwe au viazi, pamoja na maji ya kutosha.

Dini imempa msafiri ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye. Kuhusu mashindano ya mbali, familia ishauriane na walimu wake wa dini mapema, ili kijana asibebe uamuzi huo peke yake ndani ya basi la shule.

Chakula na usingizi

Hakuna haja ya kununua makopo ya unga wa kujenga misuli. Samaki, mbaazi, maharagwe, mayai, maziwa, ndizi na mhogo vinapatikana sokoni na vinatosha. Mlo mkubwa uliwe saa tatu hivi kabla ya mchezo. Viazi karai na biriani yenye mafuta mengi vingoje hadi kipenga cha mwisho.

Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa nane hadi kumi kwa kijana wa kati ya miaka 13 na 18. Simu ya mkononi isilale kitandani pamoja naye.

Jeraha lisifichwe

Vijana huficha maumivu wakihofia kuachwa kikosini. Mzazi anayeuliza kwa upole ndiye atakayeambiwa ukweli. Maumivu yanayodumu zaidi ya wiki mbili, au yanayomwamsha mtoto usiku, yanahitaji daktari, si kukandwa pekee.

Hatari zaidi ni pigo la kichwa. Aliyegongwa kichwa kisha akahisi kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau yaliyotokea, atolewe mchezoni na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali. Akianza kutapika tena na tena, kusinzia kupita kiasi au kuumwa na kichwa kinachozidi, apelekwe hospitalini bila kukawia. Arejee darasani vyema kwanza, ndipo arudi uwanjani hatua kwa hatua kwa idhini ya daktari.

Yuko pia mtoto anayezimia ghafla akiwa mbioni, au ambaye katika ukoo wake yupo aliyefariki ghafla akiwa kijana. Huyo apimwe moyo kabla ya kuendelea na michezo.

Binti naye ni mchezaji

Wapo wazazi wanaowakataza mabinti kucheza kwa sababu ya mavazi. Sababu hiyo imepungua nguvu. Mwaka 2014 sheria za soka duniani ziliruhusu rasmi mchezaji kufunika kichwa, na mwaka 2017 shirikisho la mpira wa vikapu, FIBA, likafuata mkondo huo. Yapo mavazi mepesi yenye stara yanayofaa michezo.

Hofu ya usalama safarini ni halali, na jibu lake ni maswali. Nani anawaongoza? Yupo mwalimu wa kike? Watalala wapi? Maswali hayo yaulizwe kwa ajili ya wavulana pia. Mtoto aelezwe wazi kwamba hakuna mwalimu wala kocha mwenye haki ya kumgusa isivyofaa au kumtaka kimapenzi ili ampe nafasi kikosini. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo nchini Kenya.

Binti anayefanya mazoezi makali akikosa hedhi kwa miezi mitatu, amwone daktari. Mara nyingi ni ishara kuwa chakula hakilingani na kazi, na mifupa yake huwa hatarini.

Muguka na dawa zilizopigwa marufuku

Mei 2024 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, hatua iliyozua mzozo uliofika mahakamani. Lakini mzazi wa mchezaji hahitaji kungoja hakimu. Kathini, kichangamshi kinachopatikana katika miraa na muguka, imo katika orodha ya shirika la kimataifa la WADA, na ikizidi kiwango kilichowekwa wakati wa mashindano huhesabiwa kuwa kosa.

Asbel Kiprop alishinda mbio za vijana wanaume hapa Mombasa siku ileile ya 2007, na baadaye akawa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu. Mwaka 2019 alifungiwa miaka minne baada ya sampuli yake kupatikana na EPO. Mtoto afundishwe mapema kutopokea kidonge, sindano wala unga ambao mzazi na daktari hawaujui.

Masomo yasiachwe nyuma

Wachache mno hula kwa jasho la mchezo. Kwa wanaomalizia mfumo wa 8-4-4, alama ya C+ katika KCSE ndiyo kizingiti cha kuingia chuo kikuu kusomea shahada. Hata vyuo vya Marekani vinavyotoa ufadhili kwa wanariadha hudai matokeo ya darasani. Katika mtaala mpya, njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya tatu za sekondari ya juu, kwa hivyo mchezo waweza kuwa somo kamili.

Kila safari ya mashindano iwe na mpango wa kufidia vipindi vilivyokosekana. Cheti cha kuzaliwa kiwe tayari na chenye umri wa kweli. Anayepunguza miaka ya mwanawe anamfunza udanganyifu na kumpokonya mwingine nafasi. Wakala anayeahidi chuo au klabu ng'ambo huku akidai ada kwanza, aepukwe.

Baada ya kipenga

Kando ya uwanja, mzazi ashangilie timu nzima na amwachie kocha maelekezo. Mtoto anayesikia sauti mbili hupotea katikati. Njiani kurudi nyumbani, ndani ya tuktuk, si mahali pa kuchambua makosa. Amwambie tu, "Nimefurahi kukuona ukicheza, mwanangu," kisha amuulize kama ana njaa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa huko si kutuzwa fedha baada ya ushindi pekee. Ni kuhakikisha kwamba siku jezi itakapovuliwa, aliyekuwa ndani yake yu mzima, amesoma, na bado anaupenda mchezo.