Taya la Mtoto: Tuharakishe au Tungoje?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi huuliza: mtoto wangu ana miaka minane, meno yake ya juu yamechomoza na kidevu kimerudi nyuma. Je, awekwe waya sasa, au ningoje akue? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wahenga hao hao walisema subira huvuta heri. Madaktari nao wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Tuifuate safari yao.

Mwaka 1728, daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, alieleza kitabuni kifaa cha kunyoosha meno: utepe wa madini wenye matundu, uliofungwa kwenye meno kwa uzi. Kifaa hicho kilisogeza meno tu. Hapa tuelewane, mama. Meno yaliyopinda ni jambo moja, na mataya yasiyokutana sawasawa ni jambo lingine. Meno husogezwa hata kwa mtu mzima. Lakini taya ni mfupa, na mfupa una wakati wake wa kukua.

Mapema katika karne ya 20, Viggo Andresen, daktari wa meno wa Denmark, alikuwa akimtibu binti yake mwenyewe. Likizo ilipofika alimwondolea waya, akampa kifaa cha kuvaa usiku kilichomfanya aume taya la chini likiwa mbele. Binti aliporudi, baba aliona meno yanakutana vizuri kuliko awali. Kutokana na kifaa hicho, madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba taya la chini la mtoto linaweza kuchochewa likue. Mwaka 1977, William Clark wa Scotland alibuni vifaa viwili vya kuvaa pamoja, kimoja juu na kingine chini. Vifaa vya aina hiyo vinatumika hadi leo.

Basi, je, kuanza mapema ndiko bora? Watafiti wa North Carolina na Florida huko Marekani, na wenzao wa Uingereza, waliwagawa kwa kura watoto wenye meno ya juu yaliyochomoza. Kundi moja lilitibiwa mapema, likiwa na miaka kama minane hadi kumi. Jingine lilingoja hadi karibu na kubalehe. Mwanzoni waliotibiwa mapema walionekana kupiga hatua. Lakini wote walipomaliza matibabu wakiwa vijana, mataya ya makundi yote yalikuwa karibu sawa. Huko Uingereza, walioanza mapema walikuwa wamehudhuria kliniki mara nyingi zaidi, na gharama yao ilikuwa kubwa zaidi. Faida moja tu ilibaki: meno yao ya mbele yaliumia mara chache zaidi walipoanguka au kugongwa.

Usizime redio bado, mama. Taya la chini likitangulia mbele ya la juu, habari hubadilika. Uingereza, watoto wa chini ya miaka 10 wenye tatizo hilo walipewa kifaa cha kuvaa usoni, chenye mipira inayovuta taya la juu mbele. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016, baada ya kuwafuata kwa miaka sita, yalionyesha kwamba kama theluthi moja yao wangehitaji upasuaji wa taya. Kwa wale ambao hawakupewa kifaa hicho, walikuwa kama theluthi mbili. Hapa kungoja kuna hasara.

Basi fanya hivi. Mtoto anapofika miaka saba, mwambie aume magego yake, kisha mtazame. Je, meno ya chini yako mbele ya yale ya juu? Je, taya linahama upande anapofunga mdomo? Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, usingoje meno ya utotoni yaishe. Kama ni ya juu yaliyochomoza, mpeleke apimwe pia, lakini usishtuke ukiambiwa mngoje. Mara nyingi wasichana huanza kurefuka haraka wakiwa na miaka 10 hadi 12, na wavulana 12 hadi 14. Huo ndio msimu wa kulitibu taya. Ila kama meno hayo yamechomoza sana, na mtoto huanguka mara kwa mara au wenzake wanamcheka hata hataki shule, mweleze daktari. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuanza mapema.

Kwa hivyo wahenga hawakupingana, mama. Kuna samaki wa kukunjwa leo, na kuna wa kusubiriwa kidogo. Wa kukuonyesha ni yupi ni daktari wa meno, si jirani. Hadi tutakapokutana tena, tunza meno ya mwanao. Kwaheri.