Peter na sungura mweupe



Visiwani kwetu wengi tumelelewa na zimwi. Mtoto hataki kulala, zimwi linakuja. Hataki kula, zimwi lile lile. Halafu tunashangaa mbona hathubutu kwenda chooni usiku. Na Mtume (s.a.w.) aliwakinga wajukuu zake, Hasan na Husein, kwa dua ambayo Nabii Ibrahim aliwakingia Ismail na Is-haka, imo katika Bukhari.

Leo tunawaletea habari za mwanamke wa Marekani, Mary Cover Jones, aliyetaka kujua woga wa mtoto unaondokaje. Namna unavyoingia ilikwisha onyeshwa Baltimore mwaka 1920. John Watson na Rosalie Rayner walimchukua mtoto wa miezi 11, wakamwita Albert, wakamwekea panya mweupe. Hakumwogopa. Basi kila alipomgusa, wakagonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Hazikupita siku nyingi, akawa analia kwa kumwona tu, na sungura pia. Akaondoka hospitalini na woga wake. Waliita elimu, sisi tunaona ukatili.

Mary alisoma na Rosalie chuo kimoja, Vassar, na mwenyewe alikuwa mama. Huko New York, Watson akiwa mshauri wake, alijaribu kwa watoto waliokuwa wakilelewa katika nyumba moja yale wanayoyafanya wazazi kila siku: kumweleza mtoto kwamba mnyama hana neno, kumweka mbali naye ili asahau, kumwacha wenzake wamcheke. Maneno matupu hayakufaa. Kuchekwa hakukufaa kabisa.

Akaja Peter, wa miaka 2 na miezi 10. Huyu alimwogopa sungura, panya, koti la manyoya, unyoya, hata pamba! Kwanza Mary alimchezesha na watoto watatu wasiomwogopa sungura. Woga ukapungua siku hadi siku. Kisha Peter akaugua, akalazwa karibu miezi miwili, na siku ya kutoka mbwa mkubwa akawarukia yeye na muuguzi mlangoni. Woga ukarudi wote.

Mary akaanza upya. Alimkalisha Peter kwenye kiti chake, akampa chakula akipendacho, na sungura akaletwa ndani ya kizimba, mbali kiasi cha kutomkatiza kula. Kila mara akasogezwa kidogo. Mtoto akionyesha kutaka kulia, anarudishwa nyuma, hakuna kulazimishwa, hakuna "mbona wewe mwoga?" Mara nyingine wenzake walikuwepo, naye akiwatazama wanavyomshika. Mwishowe Peter alimwacha sungura amtafunetafune vidole. Pamba na manyoya navyo havikumtisha tena, ingawa hakuna aliyemfundisha hivyo.

Mary aliyaandika hayo mwaka 1924, na wanasaikolojia walichelewa miaka mingi kuyapa uzito. Sisi kilichotugusa zaidi ni alichokiandika kuhusu nyumbani kwa Peter. Mtoto alirudi kwa mama yake, mwanamke mwenye machozi ya karibu na shida nyingi. Alipotaka Peter aingie ndani, alimwambia kuna mtu anataka kumwiba.